Kuchora ramani ya maporomoko ya ardhi mabondeni kwa rada ya setilaiti: mwongozo kamili

Mvua inayoangusha milima huja na mawingu yake, na mawingu hayo hayaondoki siku mvua inapokatika. Ndiyo maana picha za kawaida za setilaiti, zile zinazotegemea mwanga wa jua, hukutupa mkono wakati unapozihitaji zaidi: unafungua picha ya bonde lililoporomoka juzi, unakuta pamba tupu. Rada haina shida hiyo. Hutuma mawimbi yake yenyewe, yakapenya mawingu, usiku na mchana kwake ni mamoja, na tunachosoma ni mwangwi unaorudi.

Lakini rada nayo ina upofu wake, na upofu huo hauumizi popote kama katika bonde jembamba lenye kuta kali. Nimeziona ramani za maporomoko zenye rangi za kupendeza ambazo karibu nusu ya bonde haikuwa imeonwa kabisa, na mchoraji hakusema lolote. Msomaji akaona mahali peupe, akadhani ni salama. Kwa sababu hiyo mpangilio wa mwongozo huu umegeuzwa kidogo: tunachora kwanza tusichoweza kukiona, ndipo tunachora maporomoko yenyewe.

Hatua ya 1: Amua kama mlima umeshaanguka au unatambaa

Hizi ni kazi mbili tofauti, na kila moja ina njia yake.

Kazi ya kwanza ni kutafuta kovu. Mlima umeanguka kwa dakika chache, msitu umefagiwa, udongo uko wazi na kifusi kimelala bondeni. Hapa unalinganisha nguvu ya mwangwi kabla na baada ya tukio. Mahali palipobadilika ghafla panakuwa mshukiwa.

Kazi ya pili ni kutafuta mteremko unaotambaa. Miti bado imesimama, barabara bado inapitika, ila ardhi yote inateleza sentimita chache kwa mwaka. Jicho haliwezi kuona hilo. Hapa unatumia fezi, yaani wimbi lilikuwa limefika sehemu gani ya mzunguko wake liliporudi kwenye setilaiti. Ichukulie fezi kama futi ya kupimia yenye alama zilizopangwa vizuri lakini isiyo na namba: unajua kwa usahihi mkubwa umesimama wapi kati ya alama mbili, ila hujui ni alama ngapi zimepita. Ukilinganisha fezi za siku mbili kwa kila pikseli unapata intaferogramu, na hiyo ndiyo inayoonyesha ardhi iliyosogea kwa sentimita au hata milimita.

Wanaoanza wengi hukimbilia intaferogramu kwa kila kitu kwa sababu inavutia. Mlima ulioanguka mita 200 hauwezi kupimwa kwa wimbi la sentimita 5.5. Ardhi ile si ile tena, mwangwi wake hauna udugu wowote na ule wa awali, na unachopata ni chengachenga kama za televisheni iliyokosa mawimbi. Kinyume chake pia ni kweli: mteremko unaotambaa sentimita 5 kwa mwaka haubadilishi nguvu ya mwangwi hata kidogo.

Hatua ya 2: Kusanya data na zana

Kwa watu wengi chaguo la kwanza ni Sentinel-1 ya Ulaya, kwa kuwa data yake ni ya bure na kumbukumbu zake zinaanzia 2014. Inatumia bendi C, yenye wimbi la takriban sentimita 5.5, na kila setilaiti hurudi kwenye njia ileile baada ya siku 12. Setilaiti mbili zikifanya kazi pamoja, muda huo hushuka hadi siku 6. Kumbuka kwamba Sentinel-1B ilizimika Desemba 2021 na Sentinel-1C ikarushwa Desemba 2024, kwa hiyo katikati ya miaka hiyo usishangae picha zikiwa chache. Kuna maeneo duniani ambayo hupigwa picha kwa mwelekeo mmoja tu. Hakikisha hilo kabla hujamwahidi mtu chochote.

Bendi L, yenye wimbi la takriban sentimita 24, hupenya majani vizuri zaidi na kuiona ardhi iliyo chini ya msitu. Setilaiti za ALOS za Japani zinaitumia, na NISAR, iliyojengwa na Marekani pamoja na India na kurushwa Julai 2025, inaitumia pia. Kama bonde lako limefunikwa na msitu mnene na unataka kupima mtambao, bendi C itakusumbua kila siku, na ni bora kuanza mapema kutafuta bendi L.

Data ya Sentinel-1 inapakuliwa kwenye tovuti ya Copernicus Data Space au kwa Alaska Satellite Facility. Utakutana na aina mbili za faili. GRD ina nguvu ya mwangwi peke yake, na pikseli zake ni za mita 10. SLC ina fezi pia, lakini faili moja hufikia gigabaiti kadhaa. Kwa kutafuta makovu, GRD inatosha. Kwa mtambao, lazima SLC.

Programu ni SNAP kwa uchakataji, QGIS kwa ramani, na MintPy kama utafika kwenye mfululizo wa muda, yaani kufuatilia mwendo wa ardhi picha baada ya picha. Mwenye kompyuta dhaifu ana njia mbili za kuponea. Google Earth Engine ina GRD yote tayari, ila haina fezi, hivyo usiitafute intaferogramu humo. HyP3 ya Alaska Satellite Facility hukutengenezea intaferogramu kwenye seva zao, wewe ukapakua matokeo. Mimi huanza na HyP3 hata nikiwa na kompyuta nzuri, kwani sioni faida ya kukesha nikisubiri kazi ambayo mwingine ataifanya nikiwa nimelala.

Mwisho unahitaji modeli ya mwinuko wa ardhi. Ile ya Copernicus ya mita 30 inatosha na ni mpya kuliko SRTM, modeli ya zamani iliyopimwa Februari 2000.

Hatua ya 3: Chora ramani ya upofu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kazi nyingi zinapoharibikia.

Rada ya setilaiti haitazami chini. Sentinel-1 inapita kilomita 693 juu na kutazama upande wake wa kulia, na wimbi hugonga ardhi kwa pembe ya kati ya nyuzi 29 na 46 kutoka wima. Rada hupanga vitu kwa umbali, kilicho karibu nayo kikitangulia. Uwandani hilo halina tatizo. Mlimani, kilele kinaweza kuwa karibu zaidi na setilaiti kuliko mguu wa mlima huohuo, na hapo kilele kinaandikwa kabla ya mguu. Mlima mzima unaonekana umelala kifudifudi kuielekea rada, na mwangwi wa kilele, wa ubavu na wa bondeni unachanganyika ndani ya pikseli zilezile. Huko ni kulaliana, na hakuna programu inayoweza kukutenganishia mchanganyiko huo. Upande wa pili wa mlima, kama ni mkali mno, wimbi haliufikii kabisa: hicho ni kivuli.

Kanuni ni rahisi. Chukua pembe ya kugonga ya nyuzi 39. Mteremko unaoitazama rada ukizidi nyuzi 39, umelaliana. Mteremko unaoipa rada mgongo ukizidi nyuzi 51, uko kivulini. Kabla ya kufika hapo, mteremko unaoitazama rada unabanwa: mita 200 za ubavu zinaweza kubaki pikseli chache, na mporomoko mdogo ukamezwa.

Sasa njia za setilaiti. Katika njia ya kupanda, ikitoka kusini kwenda kaskazini, Sentinel-1 hutazama mashariki. Katika njia ya kushuka hutazama magharibi. Kwa bonde linalokwenda kaskazini na kusini, maana yake ni kwamba ukuta ulioelekea mashariki husomwa vizuri kwenye njia ya kupanda, na ukuta ulioelekea magharibi kwenye njia ya kushuka. Ni kinyume cha unavyotarajia: ukuta unaoipa rada mgongo, mradi si mkali kupita kiasi, ndio unaoonekana kwa upana wake.

Kwa wanaotafuta mtambao, jambo hili lina uzito maradufu. Rada hupima tu kusogea kwa kuikaribia au kuiacha, kwenye mstari kati yake na ardhi. Tuseme mteremko wa nyuzi 30 umeteleza sentimita 10 kufuata mteremko wake, na pembe ya kugonga ni 39. Kama mteremko unaipa rada mgongo, kusogea na kushuka vinajumlishwa, na rada inapima takriban sentimita 9. Kama unaitazama rada, ardhi inaikaribia huku ikishuka, na vitu hivyo viwili vinapunguzana: rada inapima sentimita 1.5 hivi. Ardhi ni ileile, mwendo ni uleule, na jibu linatofautiana mara sita.

Bonde la mashariki na magharibi lina hali yake. Kuta zake zimeelekea kaskazini na kusini, kwa hiyo kulaliana ni kidogo na makovu yanaonekana vizuri kwenye njia zote mbili. Ila mwendo wa kwenda kaskazini au kusini karibu haugusi mstari wa rada. Kinachokusaidia ni kule kushuka: katika mfano wetu utapima kati ya sentimita 3 na 5 kwenye 10. Sio bure, lakini ni chini ya nusu.

Kuichora ramani yenyewe, fungua modeli ya mwinuko ndani ya QGIS na utoe tabaka mbili: ukali wa mteremko na mwelekeo wake. Kisha tafuta ukali wa mteremko ukipimwa kuielekea rada, kwa kanuni hii:

atan( tan(ukali) × cos(mwelekeo wa mteremko − mwelekeo wa kuitazama rada) )

Mwelekeo wa kuitazama rada ni takriban nyuzi 260 kwa njia ya kupanda na takriban nyuzi 100 kwa njia ya kushuka, kwenye latitudo za chini na za kati. Kikokotoo cha QGIS kinahesabu tan na cos kwa radiani, kwa hiyo zidisha nyuzi zako kwa 0.01745 kwanza, na jibu la mwisho ligawe kwa namba hiyohiyo ili urudi kwenye nyuzi. Nimewahi kusahau, nikapata ramani yenye mabaka kama ngozi ya chui na kupoteza alasiri nzima nikiilaumu modeli ya mwinuko.

Pikseli ambayo jibu lake linazidi pembe ya kugonga ni ya kulaliana. Iliyo chini ya hasi 51, kwa pembe yetu ya 39, ni kivuli. Kanuni hii inatazama kila pikseli peke yake na haijui kwamba sakafu ya bonde, hata ikiwa tambarare, inaweza kuangukiwa na mwangwi wa kilele kilicho juu yake. Kwa hesabu kamili, SNAP inaweza kukutolea tabaka la kulaliana na kivuli wakati wa kusahihisha picha kijiografia. Weka alama kwenye chaguo hilo na uhifadhi. Kanuni ya QGIS ni ya kuamua haraka kama mradi unafaa, tabaka la SNAP ni la ramani ya mwisho.

Jumlisha njia zote mbili na ugawe bonde sehemu nne: panapoonekana kwa njia zote, kwa kupanda pekee, kwa kushuka pekee, na pasipoonekana kabisa. Faili hii itakaa juu ya kila kitu utakachokifanya baadaye.

Hatua ya 4: Tafuta makovu kwa nguvu ya mwangwi

Chagua picha za njia moja na mwelekeo mmoja. Kulinganisha picha ya kupanda na ya kushuka ni kulinganisha milima miwili tofauti. Chukua picha 8 hadi 12 za kabla ya tukio na kiasi unachoweza za baada, ikiwezekana za msimu unaofanana.

Kwa nini nyingi hivyo? Kwa sababu picha moja ya rada imejaa chengachenga: pikseli mbili za msitu uleule, moja inang'aa, nyingine nyeusi, bila sababu yoyote ya ardhini. Ukichukua wastani wa picha 9, chenga hizo zinapungua hadi theluthi moja, na ramani inatulia bila kupoteza ukali wake. Kichujio cha kulainisha picha moja hupunguza chenga pia, lakini kinakula kingo za maporomoko membamba, na mabondeni maporomoko membamba ndiyo mengi.

Katika SNAP fuata mpangilio huu kwa kila picha: sahihisha obiti, ondoa kelele za joto la chombo, kalibresheni, sawazisha mwangwi kwa mteremko, halafu sahihisha kijiografia. Kile cha nne watu hukiruka. Bila hicho, ubavu unaoitazama rada unang'aa kwa sababu tu unaitazama. Kwa kulinganisha picha za njia moja unaweza kuponea, kwani kosa ni lilelile kabla na baada, ila utakapotaka kuunganisha njia mbili utaumbuka.

Baada ya hapo:

1. Pata wastani wa picha za kabla, na wastani wa picha za baada. Fanya hivyo kabla ya kugeuza kuwa desibeli, yaani kipimo cha logi. Mkusanyo wa kawaida wa Earth Engine uko tayari kwenye desibeli. Tumia ule unaoitwa S1_GRD_FLOAT.
2. Gawa baada kwa kabla, kisha geuza jibu kuwa desibeli. Mwangwi ulioongezeka mara mbili utasoma 3, uliopungua nusu utasoma hasi 3.
3. Chagua miteremko unayojua haikuguswa, ukapime jinsi thamani zake zinavyotawanyika. Weka kizingiti chako mara mbili ya mtawanyiko huo, kwa kuongezeka na kwa kupungua.
4. Ondoa vipande vya pikseli chache, kisha ondoa kila kilichomo kwenye sehemu ambazo ramani ya upofu inasema njia hiyo haizioni.

Usichukue kizingiti cha mtu mwingine. Bonde la nyasi na bonde la msitu hayafanani, na namba iliyofanya kazi kwake inaweza kukujazia ramani takataka.

Suala la ishara linawachanganya wengi: je, mporomoko unakuwa mweusi au mweupe? Unaweza kuwa vyovyote. Msitu ukifagiwa na kubaki udongo laini, mwangwi hupungua, hasa kwenye polaraizesheni ya VH (wimbi linatumwa likiwa wima na kusomwa likiwa mlalo; kwenye VV ni wima kwa yote mawili), ambayo inategemea sana majani na matawi. Kifusi cha mawe makubwa kikifunika nyasi, mwangwi huongezeka. Mporomoko mmoja unaweza kuwa mweusi kichwani na mweupe miguuni. Kwa hiyo chora kuongezeka na kupungua, kwenye VV na kwenye VH, na utegemee umbo: kitu kirefu kinachofuata mteremko, chenye kichwa juu na kinachotanuka au kupindia mtoni chini.

Tetemeko la Hokkaido la tarehe 6 Septemba 2018 ni mfano mzuri wa kujifunzia. Vilima vyenye tabaka za majivu ya volkano viliachia maelfu ya maporomoko yaliyobanana, na data ya Sentinel-1 ya siku hizo iko wazi kwa yeyote. Vilima vile si vikali mno, kwa hiyo upofu ni mdogo. Jizoeze huko kabla ya kuingia kwenye mabonde ya milima mikubwa.

Kuna wadanganyifu wa kawaida. Theluji iliyolowa maji hunyonya wimbi na kushusha mwangwi kwa eneo kubwa. Mashamba yaliyovunwa hubadilika, lakini yana kingo zilizonyooka. Mto uliohama hubadilisha sakafu ya bonde. Wengi hufuta kila kitu kwenye mteremko chini ya nyuzi 10 ili kuondoa mto na mafuriko, na pamoja navyo wanafuta kifusi kilichofika bondeni, ambako ndiko watu walipo. Mimi huhifadhi matokeo mawili, yenye kichujio hicho na yasiyo nacho, nikaamua kwa macho sehemu ya chini.

Mporomoko wenye upana chini ya mita 40 au 50, usiutegemee. Pikseli ni ya mita 10, lakini uoni halisi wa chombo ni mita 5 kwa 20, na unahitaji pikseli kadhaa ili utofautishe kovu na chenga.

Hatua ya 5: Tafuta mtambao kwa fezi

Kazi hii ina historia ndefu kiasi. Mteremko wa La Clapière, katika milima ya Alps upande wa Ufaransa, ulipimwa kwa picha za ERS-1 za mwaka 1991, setilaiti hiyo ilipokuwa ikirudi kila baada ya siku 3. Na baada ya mlima wa Xinmo nchini China kuanguka juu ya kijiji tarehe 24 Juni 2017, watafiti walirudi kwenye picha za Sentinel-1 zilizokwishapigwa na kukuta sehemu ya juu ya mteremko ilikuwa ikisogea kabla ya kuanguka.

Anza na jozi za siku 12 za msimu mkavu, usio na theluji wala majani mapya. Tazama kwanza tabaka la mshikamano, linalokwenda kutoka 0 hadi 1 na kukuambia mwangwi wa siku mbili umefanana kiasi gani. Chini ya 0.3 hakuna cha kusoma. Mwamba, changarawe na nyumba hushikamana. Msitu mnene kwenye bendi C hupotea ndani ya siku 12. Kama ubavu mzima una mshikamano wa 0.15, usijitese. Badilisha bendi.

Kisha itazame intaferogramu kabla ya kukunjuliwa, yaani kabla ya kuhesabiwa ni mizunguko mingapi ya wimbi imepita, ikiwa bado na mikanda ya rangi. Mkanda mmoja kamili ni nusu ya wimbi, yaani sentimita 2.8 za kusogea kwenye mstari wa rada. Mteremko unaotambaa huonekana kama doa lenye mikanda yake, lililokatika ghafla kwenye kingo zake huku ardhi ya pembeni imetulia. Usikimbilie kukunjua fezi. SNAPHU, programu inayotumiwa kwa kazi hiyo, itakupa jibu hata pale ambapo haikupaswa, na kosa lililokunjuliwa linavaa sura ya mwendo wa kweli.

Adui mkubwa mlimani ni angahewa. Mvuke wa maji huchelewesha wimbi, na kwa kuwa hewa ya bondeni ni nzito kuliko ya kileleni, ucheleweshaji hufuata mwinuko. Matokeo yake ni mikanda inayozunguka mlima kama mistari ya kontua, na anayeanza huona mlima mzima ukizama. Vipimo vitatu vya kumnasa:

Mikanda ikifuata kontua pande zote za mlima, ni hewa. Mporomoko una mipaka.

Chukua jozi mbili zinazoshiriki picha moja, tuseme ya tarehe 1 na 13, na ya tarehe 13 na 25. Doa likionekana kwenye zote mbili kwa ishara zilizopingana, mkosaji ni picha ya tarehe 13 na hewa ya siku ile. Likionekana kwa ishara ileile, endelea kulifuatilia.

Angalia njia ya pili. Doa la kweli litajitokeza kwenye kupanda na kushuka kwa viwango vinavyoelezeka na jiometria ya hatua ya 3. Ramani ya upofu inalipa hapa: mwendo ukionekana kwenye njia moja pekee, utajua kama njia ya pili ilitakiwa kuuona au haikuweza.

Kuna kikomo cha kasi. Ikiwa pikseli mbili jirani zinatofautiana zaidi ya robo ya wimbi, karibu sentimita 1.4, kati ya picha mbili, hesabu ya mikanda inapotea. Kwa siku 12 hiyo ni takriban sentimita 42 kwa mwaka. Mteremko unaokwenda kasi zaidi utaonekana kama kiraka cha chenga katikati ya ardhi yenye mshikamano mzuri. Kiraka cha aina hiyo, chenye kingo za mporomoko, kiwekee alama. Kinaweza kuwa ndicho cha hatari kuliko vyote vilivyopimika.

Kwa kasi za chini, tengeneza mfululizo wa muda. Kusanya picha 30 au zaidi, unganisha kila picha na mbili au tatu zinazoifuata, kisha ipe MintPy. Chagua pikseli ya rejea kwenye mwamba uliotulia, karibu na mteremko na kwenye mwinuko unaokaribiana nao, kwa sababu rejea iliyo mbali bondeni itabeba tofauti yote ya hewa kati ya chini na juu. Sahihisha angahewa kwa modeli ya hali ya hewa ya ERA5, ukaangalie kama usahihisho umepunguza kelele au umeongeza. Katika mabonde membamba wakati mwingine unaongeza, kwa kuwa modeli hiyo ina mraba wa kilomita 30 hivi na bonde lako lote linaweza kuingia ndani ya mmoja.

Hatua ya 6: Chora mipaka kwa mkono

Pikseli zilizovuka kizingiti si ramani. Washa matokeo juu ya picha ya vivuli vya milima (hillshade) iliyotolewa kwenye modeli ya mwinuko, na uchore kila mporomoko kama poligoni. Weka picha ya jua ya kabla pembeni, na ya baada mara mawingu yatakapofunguka. Kama kuna mtu aliyefika pale kwa miguu, swali moja utakalomuuliza lina thamani kuliko picha kumi: kifusi kimeishia wapi?

Kwenye jedwali la kila poligoni andika aina yake, kovu au mtambao, njia iliyouona, tarehe ya picha ya mwisho kabla na ya kwanza baada, na uhakika wako kwa daraja tatu. Daraja la kwanza ni lile lililoonwa na njia mbili au kuthibitishwa na picha ya jua, la pili ni la njia moja lenye umbo linaloeleweka, la tatu ni badiliko lisilo na umbo. Usilifute la tatu. Liweke kwenye tabaka lake.

Tarehe nayo ina namna yake. Rada haikuambii siku ya mporomoko, inakuambia dirisha. Njia moja inakupa dirisha la siku 12, lakini ukiweka njia zote zinazopita juu ya bonde kwenye mstari mmoja wa muda, dirisha mara nyingi hubanwa hadi siku chache.

Ukihesabu eneo, tumia mfumo wa UTM, ule wa ramani unaopima kwa mita, na ukumbuke kwamba QGIS inapima ardhi kama inavyoonekana kutoka juu. Kwenye mteremko wa nyuzi 35, uso halisi ni mkubwa zaidi kwa asilimia 22. Sema umetumia kipimo kipi. Kina na ujazo wa kifusi viache, maana hakuna hatua hata moja hapo juu iliyovipima.

Hatua ya 7: Kabidhi ramani

Weka tabaka zote kwenye faili moja ya GeoPackage: makovu, mtambao, viraka vya chenga, na ramani ya upofu. Ramani ya upofu ipakwe kijivu chenye mistari, juu ya tabaka nyingine zote, isiweze kudhaniwa kuwa nafasi tupu. Kwenye ufunguo wa ramani, kijivu kiandikiwe "Rada haikuona hapa", na sehemu zisizo na rangi ziandikiwe "Hakuna badiliko lililoonekana, upana wa mita 50 au zaidi". Kama anayepokea atachapisha kwa mashine isiyo na rangi, jaribu kuichapa hivyo mwenyewe kwanza, ukaangalie kama mistari ya kijivu bado inasomeka.